Nyota Niliyoikana

Mwezi uliopita simu yangu iliita kwa namba nisiyoijua, nikaiacha iite mpaka ikakata. Ikaita tena. Namba za namna hiyo huwa sizipokei. Nimeshaambiwa kwamba nimeshinda zawadi, kwamba kijana wangu amepata ajali yuko hospitali, kwamba kuna mzigo wangu umekwama mpakani Sirari, na mimi kijana sina, nina mabinti wawili wako Mwanza wazima kabisa. Mara ya tatu nikapokea, nikanyamaza ili aanze mwenyewe. Sauti ya binti ikasema, "Shikamoo mama. Naongea na Mwalimu Sabina?" Nikaitikia marahaba kwa sababu salamu haina kosa, lakini jina sikulikubali wala kulikataa. Akasema anaitwa Upendo, anapiga kutoka Njombe, baba yake alikuwa Mwalimu Festo aliyewahi kufundisha Susuni, na kwamba baba amefariki na ameacha kitu cha kunipa. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda. Jina hilo sikuwa nimelisikia likitamkwa kwa zaidi ya miaka thelathini, na bado jambo la kwanza lililonijia halikuwa huzuni. Nilijiuliza huyu binti amelipata wapi jina hilo na anataka nini kwangu. "Kama kweli ni baba yako," nikamwambia, "chai alikuwa anainywa na nini?" Akacheka, na kile kicheko kikaishia kwenye kilio. "Viazi, mama. Alikuwa anachovya kiazi mviringo kwenye chai ya maziwa. Mama yangu alikuwa hapendi kabisa." Basi nikamwambia apande basi aje.

Siku nne nilizomsubiri hapa Turwa sikufanya kazi ya maana. Nilifagia ua uliokwisha kufagiwa. Nilikwenda sokoni kununua viazi mviringo, nikavichagua kimoja kimoja mpaka muuzaji akaniuliza kama nachumbia. Watu wanaonifahamu husema mimi ni mtu wa kushuku, na ni kweli. Fundi nikimwita namhesabia misumari, daktari akiniandikia dawa namuuliza mara mbili. Wanadhani nilizaliwa hivyo. Labda. Lakini upo mwaka mmoja ambao kushuku kwangu kulinituma kazi, nikaifanya, na mwaka huo nimeukwepa muda mrefu kama mtu anavyokwepa nyumba yenye mbwa. Sasa naona nimefika mlangoni.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka chuo cha ualimu, nikapangiwa shule ya Susuni, wilaya ya Tarime. Mimi ni Mnata wa Serengeti, kwa hiyo pale katikati ya Wakurya nilikuwa mgeni kiasi, ila si mgeni kama Festo. Yeye alitoka Njombe, mbali ambako watu wa kijiji walikufikiria kama nchi nyingine. Tuliishi nyumba moja ya walimu iliyogawanywa na ukuta, kila mtu na mlango wake. Ukuta wenyewe uliishia juu kidogo ya kichwa cha mtu mrefu. Kuanzia hapo mpaka kwenye bati palikuwa wazi, dari hakuna. Kwa hiyo tulishirikiana kikohozi, redio, harufu ya kitunguu na kila neno ambalo mtu alidhani amelisema peke yake. Chakula alitupikia mjane mmoja jirani, Mama Robi, mwanamke mwenye mikono mikubwa na maswali mengi. Alituletea ugali wa muhogo uliochanganywa na ulezi, mweusi na mzito, maziwa mgando kutoka kwenye kibuyu, na dagaa wa ziwani. Akishatua sufuria hakuondoka. Alikaa kwenye kizingiti akitutazama tukila, na macho yake yakizunguka chumbani kuhesabu kilichoongezeka.

Kilichoongezeka mara nyingi kilikuwa kwa Festo. Alipokea bahasha zenye stempu za nje, akizifungua anageukia dirishani na kuiweka barua karibu kabisa na pua. Mtu gani anasoma barua hivyo, nilijiuliza, kama si anayeificha? Kisha barua ilikwenda kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, kufuli linalia ka! Nililisikia kupitia juu ya ukuta. Wiki ya pili ya Januari, jioni, alibisha mlangoni kwangu na kuniuliza, "Mwalimu Sabina, una macho mazuri?" Nilidhani ananitongoza, nikamjibu kwamba macho yangu ni ya kuonea mambo yangu. Akaona haya mpaka masikio. Akasema jana yake alinisikia nikimsomea Mama Robi maandishi ya lori lililokuwa ng'ambo ya bonde, na kwamba ana kazi inayohitaji mtu wa namna hiyo. Kazi gani? Kutazama nyota.

Nyuma ya shule kulikuwa na jiwe pana, bado lina joto la mchana saa mbili usiku, watu wakiwa wanamaliza kula. Tulikaa pale. Alinionyesha nyota tatu zilizopangana mstari, ambazo hata mama yangu alizijua, na pembeni yake nyota moja nyeupe yenye ubuluu ndani kama moto wa jiko la mafuta ya taa. Alisema inaitwa Rijeli, ni jitu, jua letu likiwekwa kando yake ni punje ya mtama, na mwanga tunaouona umekuwa njiani kwa mamia ya miaka. Hayo niliyakubali, kwa sababu hayakunigharimu kitu. Kisha akasema mwanga wake hautulii: siku hadi siku unaongezeka na kupungua kidogo, kidogo sana, na kuna chama cha watazamaji huko ughaibuni kinachokusanya hesabu za watu wanaoifuatilia kwa macho matupu. Kazi yetu ilikuwa kuilinganisha na nyota mbili nyingine zisizobadilika, moja ya kaskazini na nyingine ya mashariki, kisha kuandika namba. Namba ndogo maana yake inang'aa zaidi, kubwa maana yake imefifia. Masharti yalikuwa mawili. Niandike ninachoona, hata kama ni cha kijinga. Na nisimwambie namba yangu, wala yeye asiniambie yake, mpaka mwaka uishe. Kila mwisho wa mwezi nilimpa karatasi yangu imekunjwa, ikaingia sandukuni bila kufunguliwa. Ka!

Wiki tatu za kwanza sikuona mabadiliko yoyote. Niliandika 01, 01, 01, nikihisi napotezewa muda. Halafu jioni moja ya Februari, mvua imetoka kunyesha na anga limeoshwa, niliinua macho nikaona wazi kwamba ile nyota imepungua. Ilikuwa kidogo tu, kama taa ya chemli inapoanza kuishiwa mafuta na wewe huna hakika. Nikaandika 02. Kesho yake 02 tena. Baada ya siku kadhaa ikarudi, ikapita hata pale ilipokuwa, nikaandika 00. Nilitaka kumwita Festo nimuulize kama na yeye ameona, nikakumbuka sharti. Nilimtazama kwenye mwanga wa tochi aliyoifunga kitambaa chekundu. Alikuwa ameinamia karatasi yake, pua karibu iguse, na uso wake haukuonyesha kitu chochote. Hapo ndipo nilipoanza kumwogopa. Mtu akiona ajabu kama ile na uso wake usibadilike, basi hayuko pale kwa ajili ya ile ajabu.

Kijiji nacho hakikulala. Sisi tuko jirani na dhahabu. Kila familia ina mtu machimboni, na kila mgeni anayetembea na karatasi anatiliwa shaka. Mama Robi aliniambia wazi, akiwa ananimiminia maziwa. "Mwalimu, wewe ni mtoto wa mkoa huu, nakuambia kama mwanangu. Mtu hawezi kukaa nje kila siku kwa ajili ya nyota. Nyota ni ya nani? Atailima?"

"Ni sayansi, mama," nikasema.

"Hiyo sayansi inafungiwa kufuli?"

Swali hilo nilikuwa nalo mwenyewe.

Mwezi wa tatu alikuja mgeni kwa Festo, mtu wa kwao Njombe aliyekuwa anachimba dhahabu. Walikula pamoja, wakazungumza Kibena kwa muda mrefu, kisha wakahamia Kiswahili kama watu wanavyofanya wakikolea. Nilikuwa nimelala chali upande wa pili, naangalia bati. Mgeni alisema, "Lakini si umwambie tu huyo dada? Anakufanyia kazi hajui anafanya nini." Festo akashusha sauti, lakini ukuta ule haukuwa na siri. "Usimwambie. Akijua tu, kazi yote imeharibika." Nilibaki macho mpaka jogoo wa kwanza. Kila kitu kilijipanga: barua, kufuli, mchimbaji, jiwe, na mimi nimewekwa pale kama pazia, kwa kuwa nani angewashuku walimu wawili na mmoja ni mwanamke? Uchungu ulionipata siwezi kuusema nusu. Nilikuwa nimeanza kumpenda, hilo nalo niliseme, na hakuna mtu anayeshuku vizuri kama anayependa bila kuambiwa kitu.

Aprili Festo aliitwa semina mjini Tarime, siku tatu. Mvua zilikuwa zimepamba moto na bati lake linavuja juu ya kitanda. Akanipa ufunguo wa sanduku. "Ukisikia maji, tafadhali litoe chini ya kitanda, likiingia maji lifungue uvianike vitu." Aliniwekea ufunguo kiganjani kama mtu anayempa mwenziwe chumvi. Jioni ya kwanza hakukuwa na mvua hata tone, anga lilikuwa safi, na mimi nililifungua. Barua zilikuwa za Kiingereza kigumu, nikazipitia bila kuzielewa sana. Chini yake kulikuwa na karatasi kubwa nyeupe, imejaa vidoa vyeusi, vikubwa kwa vidogo, na kando ya vidoa vingi kuna namba: 17, 18, 21, 22. Namba hazikuwa na nukta katikati. Kidoa kimoja kilizungushiwa duara. Leo najua kwamba wachora ramani za nyota huondoa nukta kwenye namba ili isidhaniwe ni nyota nyingine, na kwamba nyota huchapwa nyeusi kwenye karatasi nyeupe kuokoa wino. Jioni ile niliona kitu kimoja tu, ramani ya dhahabu, na mtu yeyote aliyekulia karibu na machimbo angekiona hichohicho. Nilikaa chini na chemli nikainakili yote, kidoa kwa kidoa. Sikutoka nje kuitazama nyota. Kesho yake, ili safu yangu isiwe na pengo litakaloulizwa, niliandika 02 na tarehe ya jana.

Niliipeleka kwa Mwita, shemeji yake Mama Robi, aliyekuwa amechimba tangu ujana. Kwa miaka nilijiambia kwamba sikumpa, nilimwonyesha tu. Alikuwa anakula ugali, akanawa mkono upya kabla ya kuishika. "Hii umeitoa wapi, mwalimu?" Nikasema asiniulize. Akaizungusha, akaizungusha tena, kisha akaigeuza kuelekea mlangoni, ambapo mlima unaonekana na juu yake mawe matatu makubwa yamepangana mstari. Aliweka kidole kwenye vidoa vitatu. Akatazama mlima. "Aisee mura," akasema, akijiita kijana kwa Kikurya, na sauti ilikuwa ndogo kama ya mtu aliye kanisani. Akapima kwa shubiri kutoka mstari wa vidoa mpaka kwenye duara, akahesabu hatua kwa midomo. Duara liliangukia shamba la muhogo la Mama Robi. Namba iliyo karibu na duara ilikuwa 21. "Futi ishirini na moja," akasema. Nikamwapisha asitaje jina langu. Akaapa, na kusema haki alikishika kiapo chake kuliko mimi nilivyowahi kushika chochote.

Kuanzia Juni Mama Robi alitangaza kwamba anachimba choo. Choo cha mjane mwenye binti mmoja kilichimbwa na wanaume watano kwa zamu, udongo ukabebwa mbali, na muhogo wote ukang'olewa kabla haujakomaa, tukala kisamvu chake mpaka tukachoka. Festo alikuwa mtu pekee kijijini aliyeamini ni choo. Nyota ilikuwa imetuacha katikati ya Mei, imezama na jua. Agosti ikarudi alfajiri, nasi tukarudi kwenye jiwe saa kumi na moja, tumejifunga mablanketi. Nilikaa kando yake huku najua nilichofanya. Kutoka shambani tulisikia sururu. "Mama Robi anajitahidi," alisema Festo, na nikamchukia kwa kusema hivyo, kwa sababu nilikuwa bado nangoja waipate dhahabu ili niwe nimeshuku kwa haki. Niliandika nilichoona. Namba za Agosti ni za kweli, naapa kwa chochote.

Walifika futi ishirini na moja wakakuta udongo. Wakaanza kupanua pembeni, na siku ya tatu ukuta wa shimo ukashuka. Mwita alitolewa akiwa hai, mguu umevunjika mara mbili, akabebwa juu ya kitanda mpaka barabarani kupata gari la hospitali. Jumamosi iliyofuata uliitishwa mkutano uwanja wa shule. Kwa jina ulikuwa mkutano wa kijiji, lakini uliendeshwa kama iritongo, baraza la jadi ambalo mtu anayeshukiwa husimamishwa katikati na kila mmoja anamwangalia. Ndugu zake Mwita walileta ile karatasi. Mwita alikuwa amewaambia ni ramani ya Mwalimu Festo na hakusema zaidi. Kwao hesabu ilikuwa rahisi: mtu wa kusini ametengeneza ramani ya uongo, akaiachia itembee ili watu wafie shimoni, wakati ya kweli anayo yeye.

Festo aliletewa karatasi. Aliiweka karibu na pua, akakaa nayo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Saba zangu mimi huzikata kistari katikati, ndivyo nilivyofundishwa. Zile za kuchapwa hazina kistari. Mpaka leo sijui kama aliona kwamba mwandiko ni wangu. Aliikunja akairudisha, akaanza kueleza habari ya nyota, kwa utulivu, kama yuko darasani, na watu wakaanza kucheka kwa namna isiyo ya furaha. Mwenyekiti wa kijiji, mzee mpole ambaye nadhani alitafuta njia ya kumwokoa, akainua fimbo pakanyamaza.

"Mwalimu Sabina. Simama. Wewe umekaa na huyu kwenye hilo jiwe tangu mwezi wa kwanza. Anasema hiyo nyota inaongeza mwanga na kupunguza, ndiyo maana anaitazama. Wewe umeiona ikifanya hivyo?"

Lilikuwa swali la ndiyo au hapana. Ningesema ndiyo, Festo angekuwa mtazama nyota mwenye shahidi, na karatasi ingekuwa ya nyota. Lakini swali lililokuwa likifuata nililiona limekaa tayari mdomoni mwa wale ndugu: basi nani aliyetoa karatasi ya nyota akaileta kwetu kama ya dhahabu? Mama Robi alikuwa ananitazama kutoka kwenye safu ya wanawake, mikono mikubwa imelala mapajani, shamba lake shimo tupu.

"Mimi naona nyota tu, mzee," nikasema. "Sijawahi kuiona ikibadilika."

Festo hakuwatazama waliokuwa wanapiga kelele. Alinitazama mimi, kichwa amekisogeza mbele, namna ileile aliyosoma nayo barua. Mwenyekiti aliwazuia watu wasimguse na akasema asionekane kijijini ikifika Jumatatu. Jumapili jioni nilimsikia akipanga vitu. Kufuli lililia mara moja. Kisha sauti yake ikapita juu ya ukuta, si kwa hasira, na ningeshukuru kama ingekuwa hasira. "Sabina. Zile namba ulizoniandikia ulizipata wapi?" Nilivuta pumzi ndefu za mtu aliyelala. "Sabina?" Nikaendelea kulala. Asubuhi lori lilipita likamchukua na sanduku lake. Desemba nyota ilirudi mahali pake pa jioni, juu ya mlima wenye mawe matatu, na nilijizoeza kutembea nikiangalia chini.

Upendo alifika Ijumaa, ameletwa na bodaboda kutoka stendi, msichana mwembamba mwenye miwani mizito. Nilimkaribisha viazi na chai. Alichovya. Sikuweza kula. Baada ya kumaliza alitoa daftari kwenye mfuko wa plastiki, akaliweka mezani kwa mikono miwili. Ndani Festo alikuwa amezinakili namba zetu kwa mwandiko wake mkubwa, safu mbili, F na S. Nilikuwa sijawahi kuziona pamoja. Safu ya F ilisema 01, 01, 01, ukurasa baada ya ukurasa, Januari mpaka Septemba. Safu ya S ilipanda na kushuka na kupanda, taratibu, kama kifua cha mtu anayepumua. Na kando ya kila namba ya S iliyotofautiana na ya F kulikuwa na alama ya kuuliza, ndogo, ya penseli.

"Baba aliugua surua utotoni, macho yakaharibika," Upendo alisema. "Miwani alipata akiwa mtu mzima, nayo haikusaidia sana. Nyota aliziona kama vumbi. Tofauti ndogo vile asingeweza hata kidogo."

"Alinificha," nikasema.

"Alisema rafiki yake mmoja wa kwetu alimshauri akuambie, akakataa. Alisema ukijua kwamba macho ni yako peke yako, utaanza kuandika cha kumfurahisha, na kazi yote itaharibika."

Niliinuka nikaenda jikoni nikashika beseni bila sababu. Niliporudi alikuwa amekaa vilevile. Aliniambia kwamba baba yake hakuwahi kuzituma zile namba. Festo alisema hawezi kutuma kitu ambacho mwenye macho amekikana mbele za watu. "Kwamba nyota yenyewe inabadilika, alijua, vitabu vyote vinasema. Hicho hakikumsumbua, mama. Alichokuwa anauliza mpaka wiki ya mwisho ni kama wewe uliiona. Akaniambia, mpelekee. Kama aliiona, afute hizo alama. Kama hakuiona, aziache, na usimlaumu." Akaingiza mkono kwenye mkoba, akatoa raba mpya ya mtoto wa shule, bado iko kwenye karatasi yake.

"Niliiona," nikasema. Maneno hayo yalikuwa yamekaa zaidi ya miaka thelathini na yalitoka na sauti ya mtu mwingine. "Iliwaka na kufifia, na niliiona kwa macho yangu mwenyewe. Nilimdanganya baba yako mbele ya kijiji kizima, kwa woga wangu." Binti akafunika uso. Sikuthubutu kumshika bega, nilifungua raba. Nilianza na 02 ya kwanza, ile ya Februari baada ya mvua. Penseli ya zamani haitoki kirahisi, inataka mkono mwepesi karatasi isichanike. Nilifuta kurasa za Februari na Machi, nikafuta Mei, nikafuta alfajiri zote za Agosti na sururu zake, nikipuliza vumbi la raba kila nikimaliza mstari. Ilituchukua mpaka chai ya pili. Upendo alikuwa anafuata kwa kidole ili nisiruke, na tulipofika mwisho akarudisha kurasa nyuma, akasimama mwezi wa Aprili, kwenye 02 moja ambayo alama yake ilikuwa bado ipo.

"Hii umeisahau, mama."

"Sijaisahau," nikamjibu. Nikaiweka raba chini, nikamwongezea chai, na nikaanza kumweleza habari za sanduku la baba yake na ufunguo alioniachia.